Ati Sisi Hatuna Sanaa

Kuna mmea unaoota nyuma ya choo chetu pale Migori. Maua yake ni meupe, marefu kama tarumbeta, na ukiyasugua majani yake mkononi yananuka vibaya. Mama alikuwa anaung'oa kila akiuona, kwa sababu ni sumu: mtoto akitafuna mbegu zake anaanza kuongea na watu ambao hawapo. Kwa Kiswahili unaitwa mnanaha. Sasa sikia. Mwaka 2014, mchoro wa ua jeupe la mmea wa ukoo huohuo, uliochorwa na Mmarekani Georgia O'Keeffe mwaka 1932, uliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 44.4. Niliyasoma hayo nikiwa kitandani saa saba usiku, bando likikaribia kuisha, nikacheka peke yangu hadi dada yangu akagonga ukuta.

Simcheki O'Keeffe. Mchoro wenyewe ni mkali, acha nikwambie. Amelisogeza ua karibu mpaka likajaa turubai lote, huwezi kulipita vile sisi tulivyokuwa tukilipita mbio tukienda chooni. Mtu aliyeliangalia gugu kwa makini hivyo anastahili heshima. Ninayemcheka ni mimi. Nimeishi na ua hilo miaka ishirini na ushei, na ilibidi nifike New York kwa simu ndipo nilione.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuzurura kwenye makumbusho ya Marekani. Kiingilio ni bando. Jumba la MoMA limeweka mtandaoni picha za maonyesho yake tangu lilipofunguliwa mwaka 1929, kwa hivyo unaweza kutembea kwenye vyumba vya mwaka 1935 ukiwa umejifunika blanketi Migori. Nilitaka kuona wale wanaoitwa wasanii wa kwanza wa kisasa wa Marekani: O'Keeffe, Arthur Dove, Marsden Hartley, John Marin, na yule mpiga picha Alfred Stieglitz aliyewapa ukuta wa kutundika kazi zao katika vyumba vyake vidogo pale namba 291, Fifth Avenue. Nilienda kuwatazama wao. Nikakutana na sisi.

Novemba 1914, Stieglitz alitundika katika vyumba hivyo sanamu za mbao kutoka Afrika. Picha ipo. Nyuma ya sanamu kuna karatasi kubwa zilizokatwa pembe pembe. Zilikuwa za manjano, chungwa na nyeusi, ila picha haikuzipa rangi. Aliyezipanga ni Edward Steichen, mpiga picha mwingine mwenye jina. Kichwa cha maonyesho, nikikigeuza Kiswahili, kilisema hivi: Sanamu za Mbao za Washenzi wa Afrika, Mzizi wa Sanaa ya Kisasa.

Soma tena. Mshenzi na mzizi, sentensi moja. Yaani umenilea, ila wewe ni mnyama.

Hilo la ushenzi kila mtu ataliona na kukasirika, na hasira hiyo ni rahisi. Linaloniwasha mimi ni jingine. Dove akionyesha pale, ukutani kuna Dove. Hartley akionyesha, kuna Hartley. Hata aliyekata karatasi za kuweka nyuma ya sanamu tunamjua. Aliyechonga sanamu, hakuna. Na usiniambie hakuwa na jina. Alikuwa na mama, na mama hakumwita "kabila fulani, karne ya 19". Aliyekinunua kitu hakuuliza, aliyemuuzia hakuuliza, na meli haikuuliza.

Miaka 21 baadaye MoMA ikafanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, vitu kama 600 hivi, na Walker Evans akavipiga picha vingi kati ya hivyo. Seti za picha hizo zilipelekwa kwenye vyuo vya Waamerika Weusi, na hapo nawapa heko. Alain Locke alikuwa tayari amewaambia wasanii Weusi mwaka 1925 wageukie urithi wa mababu, na mwaka 1938 Loïs Mailou Jones akachora vinyago vya Afrika vinavyokutazama kutoka gizani hadi unataka kuomba msamaha. Sina ugomvi na hao. Mtu aliyenyang'anywa kwao ana haki ya kushika chochote kilichofika mkononi.

Lakini angalia kilichofika mkononi. Karibu kila kitu kilitoka Afrika Magharibi na Kongo: vinyago na sanamu za watu. Wachoraji wa Paris na New York walikuwa wanatafuta sura za kuvunjavunja, wakapenda sura. Wakaita walichokipenda "sanaa ya Afrika". Kuanzia hapo Mwafrika asiye na kinyago akawa Mwafrika asiye na sanaa.

Wajaluo hatukuvaa vinyago vya mbao. Tulikuwa na viti vilivyochongwa kutoka kipande kimoja cha gogo, ngao za ngozi, kofia za manyoya ya mbuni, vyungu, na mawe. Kwa kipimo cha chumba kile cha Fifth Avenue, hiyo ni fanicha.

Unadhani natia chumvi? Chuoni, kabla sijaacha (karo, usiulize zaidi), mhadhiri mmoja alituonyesha slaidi arobaini hivi za sanaa ya Afrika. Kinyago, kinyago, sanamu, kinyago. Jamaa mmoja wa kutoka Ndhiwa akainua mkono: na sisi wa ziwani? Mhadhiri, Mwafrika kama mimi, akasema kwa upole kwamba watu wa ziwa walijaliwa wimbo na maneno, lakini sanaa ya macho, kusema kweli, hawakuwa nayo sana. Darasa likacheka. Mimi nilicheka. Kisha nikaliandika hilo kwenye mtihani na nikapewa alama. Hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo. Sikulisikia tu, nililipwa kulirudia.

Basi mwaka jana nikaamua kwenda kuona nyumbani. Kutoka mjini Migori hadi Thimlich Ohinga ni matatu, halafu boda kwenye barabara ya murram, halafu vumbi hadi kwenye kope. Kijana wa boda aliponiuliza naenda kwa nani nikamwambia naenda kuona tu. Akageuka kunitazama, pikipiki ikiwa mwendoni, Mungu tu alitusaidia.

"Nyar Migori, unalipa nauli yote hii kuona ukuta? Kwani kwenu hakuna ukuta?"

Kwetu kuna ukuta. Una simenti. Huu hauna. Thimlich ni mawe yaliyopangwa juu ya mawe bila udongo wala chokaa, unene kama mita moja, kimo kutoka mita 1.5 hadi 4.5, na umesimama tangu karne ya 16 hivi. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Jina lenyewe kwa Dholuo ni ngome ya mawe katika msitu wa kutisha. Unainama kuingia kwa sababu lango ni fupi makusudi. Adui alitakiwa aingie akitanguliza kisogo. Ukishaingia, unasimama wima na ukuta unakuzunguka kwa mzingo ambao hauna kona hata moja. Weka kiganja. Kila jiwe limeegemea mawili, na hayo mawili yameegemea mengine, na mtu fulani alilishika kila moja, akaligeuzageuza, akalikataa au akalikubali. Kuchagua kwa jicho hivyo, New York wangekuita nini? Hapa tunakuita "mila na desturi".

Halafu kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia darasani. Maboma yale makubwa yana majina: Kochieng, Koketch, Koluoch, Kakuku. Anayejua Dholuo hahitaji mwongozaji. Ko-Ochieng. Kwa Ochieng. Kwa Oketch. Kwa Oluoch. Sawa, majina hayo si lazima yawe ya wajenzi wa kwanza, watu walihama na wengine wakaingia, na walioingia wakatengeneza palipobomoka. Lakini mahali penyewe hapakukubali kuitwa "boma la Wajaluo, karne ya 16". Palibaki na mwenyewe. Nilisimama Kochieng nikikumbuka lile kabati la mwaka 1914, nikaona nani alikuwa mbele ya nani katika adabu.

Wasiopenda makala haya wataanza hapa: huu ni ule wimbo wa zamani, "sisi tulianza". La. Sitaki kuanza. Nimeshachoka na mashindano ya nani alianza, ambayo sheria zake zimeandikwa na yule tunayeshindana naye. Rafiki yangu mmoja, mchoraji wa matatu, nilipomwonyesha picha za miamba ya Mfangano aliruka: "Omera, hii ni sanaa ya kisasa kabisa!" Pale Kwitone na Mawanga, kwenye kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, kuna miduara mekundu na meupe, mduara ndani ya mduara, iliyochorwa na wawindaji waliokuwepo kabla ya Wasuba na Waluo, wanaokumbukwa kama Watwa. Ni kweli, ukiiweka karibu na michoro ya Dove ya mwaka 1910, ile inayosifiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza Marekani kuacha kufanana na kitu chochote, utashtuka. Lakini ukisema miduara ile ni mizuri kwa sababu inafanana na Dove, umeipeleka New York ikaombe kazi. Wenyeji waliyaheshimu mapango yale kwa mambo ya mvua. Miduara ilikuwa na shughuli. Haikuwa inamngoja Dove azaliwe.

Na Mfangano si rahisi kufika, nisikudanganye. Unafika Mbita, unapanda boti, unalowa, unatembea, unapanda mlima. Pale Ramba kuna Makumbusho ya Amani ya Abasuba, ya wanajamii wenyewe, wanaotunza miamba na kumbukumbu za watu ambao lugha yao imemezwa na Dholuo yetu. (Ndiyo, yetu. Wajaluo tunapenda kulia tumemezwa. Tuna tumbo pia.) Niliona pale jambo ambalo MoMA hawana: aliyenionyesha michoro aliuliza kwanza mimi ni wa nani.

Sasa nije kwa wale wa upande wangu, maana ndio walionifanya niandike.

Mwaka 2021 Nairobi kulikuwa na maonyesho yaliyotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko nje. Walihesabu vitu 32,321 katika taasisi 30, na pale Makumbusho ya Taifa wakaweka makabati matupu ili tuone pengo. Kazi nzuri. Tangu hapo kila mtu wa mtandaoni ana neno moja: rudisheni. Na mimi nasema rudisheni. Makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30 vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wafu zilizoibwa kwenye makaburi zikauzwa kama mapambo ya sebule, na kila aliyeguswa na kesi ile alipaswa kuona haya.

Ila rudisheni wapi? Mwaka 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa mamilioni ya miaka. Akalibeba mwenyewe kwa ndege hadi London. Lilikaa huko zaidi ya miaka 30, Kenya ikalidai, likarudi. Likarudi Nairobi. Mtoto wa Rusinga anayetaka kuliona apande matatu usiku kucha. Mwaka 2023 dunia nzima iliandika kuhusu zana za mawe za Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, zenye umri kati ya miaka milioni 2.6 na 3. Vijana wa Homa Bay walizionea wapi? Kwa simu, kama mimi na ua la mnanaha. Tumeifanya Nairobi kuwa London yetu ndogo, halafu tunashangaa London halisi haituheshimu.

Na msiniambie ni kazi ya Nairobi. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kazi za kaunti. Makumbusho yapo, yametajwa wazi. Yako kwenye kifungu kimoja na kamari, kasino, sinema na maktaba. Kifungu kimoja! Hebu tembea mjini Migori jioni moja uhesabu maduka ya kubeti. Mimi niliacha kuhesabu nikaanza kuona haya. Kisha utafute chumba kimoja, hata kimoja, chenye kiti cha babu wa mtu na jina la aliyekichonga. Kifungu kilikuwa na mizigo miwili, tukabeba mmoja.

Badala yake tuna tamasha. Kila mwaka hema, spika, waheshimiwa, wamama waliovalishwa kitenge sare, ngoma dakika nne, hotuba saa mbili. Tumejifunza neno "utamaduni" kama kabati la kutupia kila kitu ambacho hatutaki kukiangalia kwa makini. Wao wana sanaa, sisi tuna utamaduni. Sanaa ina mwenyewe, ina tarehe, ina bei. Utamaduni ni wa wote, yaani hauna wa kulipwa. Uliza wachongaji wa Tabaka, hapo tu ukivuka kutoka Rongo. Jiwe lao linauzwa dunia nzima, na chini ya kila kiboko kidogo kimeandikwa Kenya. Kenya haijawahi kushika patasi. Mmoja wao, Elkana Ong'esa, ana ndege wa jiwe kwenye makao makuu ya UNESCO kule Paris na jina lake linajulikana. Hao wengine wote je, walichonga kwa mikono ya nani?

Hata Obama, mtoto wa mtu wa Kendu Bay, hakupona na uzembe huu. Picha yake rasmi ya mwaka 2018, kazi ya Kehinde Wiley, ina maua matatu nyuma yake: asumini kwa ajili ya Hawaii, krisanthemamu kwa ajili ya Chicago, na yungiyungi la bluu la Afrika kwa ajili ya baba yake Mkenya. Ua hilo asili yake ni kusini kabisa mwa Afrika. Naipenda picha ile, niseme ukweli. Lakini Hawaii ilipewa ua la Hawaii, Chicago ikapewa ua la Chicago, na Kanyadhiang ikapewa bara.

Nimefika mahali ninapopaswa kukuambia kwa nini nina hasira ya kibinafsi.

Dani, mama yake mama, ni wa upande wa Homa Bay na alikuwa mfinyanzi. Chungu chake cha maji, dapi, alikipamba begani kwa kamba iliyosokotwa: unaiviringisha kwenye udongo mbichi, inaacha safu za vidoti vidogo. Kila mfinyanzi ana msokoto wake. Nikiwa darasa la tano alipita mgeni mmoja, mtu mwema tu, alikuwa akijitolea mahali fulani, akanunua dapi mbili. Alilipa bila kubishana. Alipiga picha vyungu. Hakuuliza jina, na mimi niliyekuwa natafsiri sikumwambia.

Mwaka juzi, katika kuzurura kwangu, nilikutana na duka la mtandaoni la Marekani likiuza chungu. Maelezo: chungu cha maji, Wajaluo, Kenya, katikati ya karne ya 20. Bei yake ingelipa muhula mzima ule ulionishinda. Siwezi kuapa kuwa ni cha Dani. Msokoto unafanana, picha si kubwa. Ila kama ndicho, kina umri mdogo kuliko simu ya kwanza ya mama yangu, na "katikati ya karne ya 20" ni uongo wa kukipandisha bei kwa kumzeesha aliyekifinyanga, au kumuua kabisa.

Nilimpelekea simu aone. Alikuwa ameketi kivulini akichambua omena. Akavaa miwani, akatazama, akanirudishia.

"Nyakwara, hiki kimekauka vizuri," akasema. Basi.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Swali hilo sikuwahi kumuuliza, mimi ninayelalamikia meli za mwaka 1914. Akataja mama mkwe wake. Nikamuuliza na huyo alifundishwa na nani. Akataja. Akaendelea hadi wanawake wanne, mmoja aliolewa kutoka ng'ambo ya ghuba na ndiye aliyekuja na ule msokoto. Majina yako kwenye daftari langu. Hapa siyaandiki, kwa sababu aliniambia majina ya marehemu hayatupwi kwenye simu za watu, na mimi nimetoka kulaumu watu wasiouliza, siwezi kuuliza halafu nisisikie.

Kisha nikamwonyesha ua la O'Keeffe na nikamtajia bei. Hakucheka kama nilivyocheka mimi. Alilitazama muda mrefu kuliko alivyotazama chungu.

"Na huyu, alifundishwa na nani?"

Sikujua. Nikatafuta papo hapo, mtandao ukizunguka zunguka. Nikamsomea: walimu walikuwa kadhaa, lakini aliyembadilisha aliitwa Arthur Wesley Dow, kule New York.

"Mwanamume?"

"Mwanamume, Dani."

Akaguna, akaokota omena mwingine, akamtupa upande wa wale wabovu. "Mwanamume kufundisha maua," akasema, na akaniambia nisogee, nimemzibia mwanga.